Kilo za Babu Néhémie

Jumatatu, 3 Juni

Aibu! Mama Pulchérie, muuguzi wa hapa mjini Baraka, tena mama wa Solange ninayetaka kumwoa, amenipandisha mizani mbele ya foleni nzima ya bamama. Kilo 49. Urefu mita 1,70. Akazidisha urefu kwa urefu, akagawanya kilo kwa jibu lile: IMC, kipimo cha unene, 17. Akasema afya inaanzia 18,5. Chini ya hapo hanipi binti. Nisipofikisha hadi Jumamosi, atapokea wajumbe wa posa wa Roger. Roger! Yule mwenye mashavu ya mkate.

Nimepiga hesabu mwenyewe. Nahitaji kilo tano tu.

Jumatano, 5 Juni

Siku mbili za bugali na sombe, majani ya muhogo. Bado 49. Tumbo langu ni msaliti.

Nimekwenda Lubondja, kwenye kaburi la Babu Néhémie. Alikuwa mtu wa nyama mwilini, na alinipenda. Nimeokota mawe matatu juu yake, madogo kama maharagwe, yanisaidie kupata kilo. Sikuomba ruhusa.

Kurudi, pikipiki ya Ayubu aliyenibeba ililia mlima mzima. Akaniuliza ule muzee nyuma yangu anashukia wapi. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Alhamisi, 6 Juni

Mawe nimeyashonea ndani ya mkanda. Mizani: 109! IMC karibu 38! Mama Pulchérie akasema sasa huo ni unene wa hatari. Kisha akatazama juu ya bega langu, akasema jambo muzee, karibu ukae.

Nilikuwa peke yangu. Nikatoka mbio. Kwenye mchanga, nyayo zangu zilikuwa nne.

Ijumaa, 7 Juni

Nilitaka kurudisha mawe. Kweli kabisa. Halafu Roger akapita na shati jipya, akinipungia mkono.

Hesabu: mawe matatu, kilo 60. Jiwe moja, 20. Robo ya jiwe, tano! Nikachukua nyundo. Kipande kilipokatika, mtu alilalamika ndani ya chumba. Naishi peke yangu. Yale mengine nimeyafunga kwenye kopo.

Jumamosi, 8 Juni

Kilo 54. IMC 18,7! Mama Pulchérie amesema Alhamisi mizani ilikuwa imeharibika, amekubali. Solange amelia kwa furaha, nami pia.

Tatizo dogo: tangu asubuhi kuna mkono wa baridi umenishika bega. Mkono tu. Robo ya jiwe haikutosha kuleta zaidi.

Ilifaa nishukuru, nilale. Lakini Roger anatangaza sokoni kwamba IMC yake ni 22. Anipite mimi? Nimezidisha, nimegawanya: nahitaji kilo kumi zaidi, yaani nusu jiwe.

Nyundo niliiweka wapi?