Buibui Mpya wa Stoo Yangu

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Mpangaji wangu wa chumba cha nyuma, yule anayesomea wadudu, leo kaniita kama nyumba inaungua. Kumbe kaokota buibui mlangoni mwa stoo yangu, kamtia kwenye kichupa. Nikamwambia, mwanangu, kama ni huyo tu, humo ndani nina ukoo mzima. Akasema huenda ni aina mpya, haijaandikwa popote duniani. Mpya kivipi? Namjua tangu nilipoolewa. Mstari mweupe mgongoni, na mama mtu hubeba watoto wote juu yake bila kulalamika kama wazazi wa siku hizi. Akasema ni jamaa ya buibui mbwamwitu, hawategi utando, wanakimbiza windo. Miaka arobaini na mbwamwitu ndani ya nyumba, na hajabweka hata mmoja.
La maana kalisema mwishoni. Buibui anaweza kupewa jina la mwenye stoo. Kitabuni. Mimi niliyeishia darasa la tatu.

Jumanne, tarehe 4 Machi
Kuna kikwazo. Aliyenaye ni jike, na bila dume aliyekomaa hawezi kuandika kitu. Nikamuuliza dume wa nini, kwani anafungisha ndoa? Akajikuna kichwa. Eti hawa wanafanana mno, hutofautishwa kwa viungo vya uzazi, chini ya hadubini. Mtu mzima, mama yake yu hai, na hiyo ndiyo kazi yake. Nikamwambia jina langu liandikwe mbali na hapo.
Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye stoo yake na yangu zimegawana ukuta, akadakia dirishani kwamba buibui hao asili yao ni kwake. Stoo yake yenyewe haijaona ufagio tangu tumzike kaka yake! Nikamjibu wifi, kwako hata buibui angeshikwa na kikohozi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi
Kesho mpangaji anakuja stooni kutafuta dume. Anakuja na kamera. Picha itatoka kitabuni pamoja na jina langu, kwa hiyo nimefikiri sana. Mtu anataka buibui mpya. Kitu kipya hakikai kwenye vumbi. Nimetoa magunia yote, nimefagia, nimepiga deki mara tatu kwa dawa ya sakafu, ile kali. Kwenye pembe nimemwaga maji ya moto. Panang'aa. Wifi akapita, akauliza kama namngoja mkwe. Nikamwambia ndiyo, wa kwako kapotea njia.

Ijumaa, tarehe 7 Machi
Sielewi. Mpangaji kaingia na tochi, katoka, kaketi kwenye ngazi. Akauliza, bibi, wako wapi? Nikamjibu kwa heshima kwamba mahali nimeshaandaa, kuja ni juu yao. Hakucheka. Akasema pengine hao ndio waliokuwa wamebaki duniani. Nikamwonyesha sakafu, akaitazama kama anayetazama kaburi.
Nikamhurumia. Nikakamata buibui wa bafuni, nikamchora mstari mgongoni kwa unga, nikampelekea. Akamtia kwenye hadubini. Akasema huyu si mbwamwitu, tena ni jike, na huo ni unga wa ngano. Hadubini inaona hadi aina ya unga. Mambo ya ajabu.

Jumapili, tarehe 9 Machi
Dume kapatikana. Kwa wifi. Nyuma ya godoro bovu, kwenye vumbi la miaka kumi. Mpangaji karibu abusu vumbi lenyewe. Buibui atapewa jina la wifi, na wifi leo kaniamkia mara nne, kila mara kwa sauti ya kusikika barabarani.
Mpangaji akanikalisha, akanieleza taratibu kama mtoto. Bibi, wanaishi kwenye vumbi na takataka, dawa inawaua, wasiguswe. Nimemsikia vizuri sana, sina tatizo la masikio.
Lakini Jumatano mkubwa wake wa chuoni anakuja na kamera kupiga picha stoo ya wifi. Mgeni mzito aone uchafu ule? Na jina la kitabuni ni la ukoo wa mume wangu? Wifi anasafiri kesho, ufunguo kaniachia mimi.
Matambara nimeshaloweka. Dawa ipo chupa mbili. Ile kali.