Mgonjwa Hapiki

Jumatatu, 14 Julai
Baridi ya Sumbawanga imeniamsha kabla ya jogoo. Chumba cha mgahawa wangu karibu na stendi kiko tayari. Meza zipo, viti vipo. Kinachokosekana ni chakula kinacholika. Jana nilimwonjesha Beda kuku niliyempika mwenyewe. Alitafuna kwa adabu, kisha akasema shangazi yake Epifania, mwenye mgahawa unaosifika kwa kuku kule Mwimbi, angelia akimwonja huyu wangu.

Akili ikafunguka. Nitakwenda Mwimbi, nitakula, nitachungulia jiko lake. Rafiki ninaye mmoja tu, huyo Beda, na ana pikipiki. Mungu si Athumani.

Jioni amepiga Silvana, binti wa shangazi. Amepiga kwangu kwa sababu simu ya Beda ilitumbukia chooni. Mama anaumwa sana, anamtaja Beda, aje upesi. Nimeahidi kufikisha.

Nimefikiri. Nikimwambia leo, ataondoka leo, peke yake, mbio. Mimi nitakwenda na nini? Tena mgonjwa hapiki. Ijumaa atakuwa amepata nafuu, atasimama jikoni, nami nitaona anatia nini. Nimenyamaza. Nimemwambia Beda kwamba Ijumaa twende tukale kwa shangazi yake, mafuta juu yangu. Amefurahi mno.

Jumatano, 16 Julai
Kibao kimekamilika. Mgahawa wa Maximilian, kwa rangi nyekundu. Nimekitazama kutwa. Silvana amepiga tena na tena. Ana pupa binti huyu. Nimezima simu.

Beda amepita kunionyesha sweta alilomnunulia shangazi kwenye mitumba. Akasema mama yake alipokufa, yeye akiwa hajui hata kufunga vifungo, ni shangazi huyo aliyemlea, na hajamwona tangu Krismasi. Nikamwambia Ijumaa si mbali.

Ijumaa, 18 Julai
Tumeondoka alfajiri. Upepo wa Ufipa unapenya mpaka kwenye meno. Hadi Matai ni lami. Baada ya hapo vumbi, makorongo, na mnyororo uliochomoka kila tulipopata mwendo. Beda aliurudisha huku akiimba. Mimi nilishika sweta lisichafuke. Nilijiona rafiki mwema.

Mwimbi, mchana. Nje ya mgahawa watu wamejaa, masufuria makubwa yako motoni. Biashara gani hii! Wivu ukanishika. Beda alikuwa bado anaegesha pikipiki. Nikavuta kiti, nikamwagiza mama mmoja ugali wa ulezi na kuku, paja, pilipili kando. Akanitazama. Akaniletea wali na maharage. Nikamuuliza kuku yuko wapi.

Ndipo nikamsikia Beda. Kilio kile siwezi kukiandika.

Shangazi alifariki Jumatano. Jana kutwa walimsubiri Beda. Wamemzika leo asubuhi. Silvana akamuuliza mbele ya watu kwa nini hakuja, wakati alipiga simu tangu Jumatatu na Maximilian akapokea. Beda akanigeukia. Nikasema mtandao ulisumbua. Akachukua sweta mikononi mwangu, akaenda makaburini peke yake.

Niliona uchungu, sikatai. Nilimaliza wali, kisha nikamuuliza Silvana, kwa upole kabisa, kama mama alimwachia siri ya kuku wake. Wanaume wawili wakanionyesha barabara. Nimerudi juu ya magunia ya mahindi, kwenye lori.

Jumapili, 27 Julai
Beda amerudi kutoka matanga. Nimemwona baada ya misa, nikamsalimia. Amenipita kama anapita ukuta. Imeniuma. Tumekua pamoja, tumechunga mbuzi pamoja, na sasa sina wa kuniambia hata mambo.

Nimekaa nikatafuta kosa langu liko wapi. Nimelipata. Nilimtegemea mpishi mgonjwa.

Kaoze, kule bondeni, yuko bibi anayesifiwa kwa kuku, na nasikia ni mzima wa afya. Mjukuu wake, Kashinje, anakaa mtaa wa pili. Mpole, hana marafiki wengi, ana pikipiki. Kesho nitaanza kumzoea.