Moto wa Milele na Shemeji Yangu

Jumatatu, tarehe 4

Mwalimu wa darasa la Biblia la watu wazima ameng'atuka. Kiti ni changu! Nani anaijua jehanamu kuliko mimi? Lakini mchungaji ametangaza mdahalo Jumapili: waovu watateswa milele, au moto utawamaliza wafe kabisa? Atakayepata kura nyingi ndiye mwalimu. Mpinzani wangu ni shemeji, kaka wa mke wangu. Kinyozi! Anasema Mungu si mkatili, moto utawateketeza na basi. Na basi! Mtu amekukaa kooni miaka yote, halafu ateketee mara moja apumzike?

Jumatano, tarehe 6

Nimepitia aya zote za moto. Zinanitosha. Mke wangu kauliza kwa nini naipigania jehanamu kama kiwanja cha urithi. Nikasema natetea ukweli. Akasema ukweli ni kwamba tangu harusi yetu nina kinyongo na kaka yake. Chakula cha jioni nimejipakulia mwenyewe.

Jumamosi, tarehe 9

Mpango kabambe! Watu huchoka na maneno, picha hawaisahau. Nimechukua ubao wa kabati la mteja hapa karakanani, nikachora ziwa la moto na mtu katikati anapiga mayowe. Shemeji kabisa! Ili asije akalalamika kwamba nimemlenga, nimempachika masharubu, nikamnyoa upara. Sasa hatambuliki. Kazi safi.

Jumapili, tarehe 10

Nimenguruma. Nikafunua ubao: huyu anaungua sasa hivi, na kesho, na hatapumzika kamwe!

Mama akasimama benchi la mbele. Akauliza kwa nini nimemchora baba.

Nikatazama. Masharubu ya baba. Upara wa baba. Marehemu baba, ambaye hakukanyaga kanisani hata siku ya harusi yangu. Mama akauliza, watu wote wakisikia, kama bado anaungua. Shemeji, mnafiki yule, akamshika mkono akamtoa nje taratibu. Mchungaji kaahirisha mdahalo hadi Jumapili ijayo. Na nilikuwa naongoza!

Jumanne, tarehe 12

Mama hali chakula. Hataki hata kukaa karibu na jiko. Mke wangu kasema neno moja kutoka kwangu lingetosha.

Nimeenda. Mama akanishika shati, akaniomba nimwambie mimi, kwa kuwa ndimi msomaji wa nyumba hii: baba yangu amepumzika au hajapumzika? Moyo umeniuma, sifichi. Mdomo ukafunguka. Lakini nikisema amepumzika, shemeji kashinda! Na mama hana siri, kufika jioni kanisa zima lingekuwa na habari.

Nikambembeleza ale japo kidogo. Nikamwahidi jibu Jumapili, kura zikishahesabiwa. Avumilie. Ni siku chache tu, si milele.