Udi wa Mwanaima

Jumatatu, 3 Novemba 2025. Mwabungo.

Siku ya kumi na tisa bila sigara. Nimeamka na hasira. Nimepiga mswaki kwa hasira. Nimemkasirikia jogoo wa jirani kwa kuwika, kisha nikamkasirikia kwa kunyamaza.

Nyumba kimya. Mke wangu Mwanaima yuko Msambweni kwa mamake, siku ya nne leo. Hakuondoka kwa ajili ya moshi. Moshi aliuvumilia miaka ishirini na miwili, mpaka cheche ya sigara yangu ilipotoboa kanzu ya bwana harusi niliyemshonea, kifuani, asubuhi ya harusi. Fundi cherehani gani huyo? Nikaapa kuacha, nikaacha. Sasa ameondoka kwa sababu nimeacha. Nilimfokea mamake kwenye simu kwa kosa la kupiga chafya. Mwanaima akafunga begi akisema: Baba Husna, moshi nilikuwa nafungua dirisha ukatoka; hayo makelele yako nifungue nini?

Sharti lake: mpaka Jumapili nisivute, nisifoke. Nikishindwa hata moja, atakaa huko mpaka Ramadhani ipite. Msimamizi ni kaka yake, shemeji yangu Waziri. Katika watu wote wa Kwale, Waziri.

Waziri aliacha sigara miaka mitatu iliyopita, na tangu hapo hajaacha kutuambia. Amekuja alasiri, akanusa mdomo wangu kama anayenunua papa wa juzi, akanipa karafuu nne, akasema hamu ni mgeni, usipompa kiti ataondoka mwenyewe. Yeye nimempa kiti na hajaondoka mpaka magharibi. Nimetabasamu muda wote. Taya zinauma.

Jumanne, 4 Novemba

Nimefikiri. Sharti linasema mimi nisivute. Halisemi mtu mwingine asivute karibu yangu.

Nikatelemka pwani ya Galu. Nikampata mzungu mmoja, mnene, mwekundu, anatembea na sigara yake. Nikajipanga nyuma yake, upande moshi unakokwenda. Hatua arobaini za raha. Akageuka, akasema hataki kinyago. Nikamwambia sina kinyago. Akasema hataki kwenda kuona pomboo. Akaongeza mwendo, nami nikaongeza. Karisa, mlinzi wa hoteli, ambaye suruali yake ya sare niliipunguza mimi mwenyewe, akanijia kwa adabu zote: shikamoo mzee Luqman, huyu mgeni mnajuana?

Nikasema nafanya mazoezi. Akayatazama makubadhi miguuni mwangu.

Nimerudi nimeshona mfuko wa shati upande wa mgongoni. Nimeufumua kwa meno.

Jumatano, 5 Novemba

Nimepata dawa.

Nilikuwa natafuta mkasi ndani ya sanduku la Mwanaima. Chini ya leso, nikakuta kijaluba cha udi alicholetewa na binti yetu Husna kutoka Maskati. Mwanaima huufukiza siku ya Idi tu, kipande kama ukucha, kisha anafunga na kuficha. Nikawasha makaa kwenye chetezo, nikaweka ukucha mmoja. Nikainama, leso kichwani, nikavuta pumzi mpaka vidoleni.

Hamu imelala kama mtoto aliyenyonya. Cherehani imeimba. Bi Twaiba wa jirani ameleta shuka lake bovu nimkunjie pindo, mara ya tatu, bure kama kawaida yake, nami nimemkaribisha kiti. Amekiangalia kile kiti kwa shaka. Akanusa hewa. Akalitazama gauni jeupe la binti wa Chirau, anayeolewa mwisho wa mwezi, nililolitundika dirishani. Akauliza Mwanaima anarudi lini. Nikamjibu kwa uchangamfu: hana haraka.

Alhamisi, 6 Novemba

Kucha tatu leo. Mbili asubuhi, moja alasiri.

Waziri amekuja kukagua. Amenusa mdomo, hakuna kitu. Amenusa kanzu, akanitazama sana. Akasema kola ninazoshona siku hizi zimepinda kama ulimi wa ng'ombe. Siku nyingine ningemrushia pasi. Leo nimecheka. Nimecheka hata alipokwishanyamaza.

Ameondoka bila kunipa karafuu. Nimemshinda.

Ijumaa, 7 Novemba

Baada ya sala watu wamenishika mkono kuliko kawaida. Tsofa mwenye duka ameniminya vidole akasema mambo ya kheri hayafichwi. Nilijua wataona wenyewe kwamba sigara imenitoka. Nikawaambia wazee mwanzo ni mgumu, lakini mwanamume akiamua hata umri haumzuii. Wamecheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye baraza.

Kucha nne. Kwa sherehe.

Jumamosi, 8 Novemba

Saa tatu asubuhi tuktuk imesimama mlangoni. Mwanaima ameshuka, siku moja kabla ya wakati, pamoja na mamake. Hakunisalimu. Ametazama chini ya kitanda. Ametazama nyuma ya jiko. Amefungua choo. Mamake amesimama mlangoni na mwavuli kama askari wa forodha.

Nikauliza mnatafuta nini. Mamake akasema, tunamtafuta mwenzake.

Ndipo nikaelewa. Waziri alipeleka ripoti, tena ripoti nzuri: shemeji havuti, hafoki, ananukia udi, anacheka peke yake. Bi Twaiba akaongeza lake kwa simu: gauni jeupe liko dirishani, mwenyewe anasema mkewe hana haraka, na chetezo hakizimwi. Lisemwalo lipo, dada, na linukialo lipo zaidi. Mke hayupo, nyumba inafuka udi kila siku: hapa kwetu udi ni harufu ya harusi, nani ataamini kwamba mwanamume haoi?

Nikakiri yote, na mzungu nikamtia. Mwanaima akalitwaa gauni la binti wa Chirau, akalipima mwilini mwake, akasoma karatasi ya vipimo yenye jina, akaniamini. Kisha akaenda kwenye sanduku.

Kimebaki kipande kimoja, kama punje ya mtama.

Akakaa kitandani na kijaluba mapajani. Akasema, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia: afadhali ungeoa.

Hapo moshi uliobaki ukamwingia mamake. Akapiga chafya. Mwanaima akainua macho kunitazama. Mamake akapiga ya pili, kubwa, mwavuli ukaanguka. Hasira zikanipanda kutoka kwenye nyayo, zikafika shingoni. Nikasema: yarhamukillah, mama. Taratibu. Jasho linanitiririka.

Mwanaima akavua buibui, akalitundika msumarini.

Jumatano, 12 Novemba

Siku ya ishirini na nane bila sigara. Mwanaima amempeleka mamake Msambweni, atarudi kesho. Ameniachia onyo: udi hata wa kunusa ni marufuku, na asisikie neno lolote kwa jirani. Kijaluba amekwenda nacho mkobani.

Kufika saa nne hasira zimerudi. Nimefikiri. Udi, sawa. Ubani hakuutaja.

Nimekwenda kwa Tsofa, nikataka ubani wa wiki nzima. Ameshusha sauti, akauliza mgonjwa ni nani, na mganga ni wa hapa au ametoka mbali. Nimelipa, nikaondoka. Wenye maduka siku hizi wana udaku.

Moshi wa ubani ni mzito, mtamu, unakaa kifuani kama sigara halisi. Kasoro ni kwamba unatoroka dirishani. Kwa bahati nina pande la kitambaa chekundu, dhiraa nne, nimelitundika pale likaziba vizuri. Gauni la Chirau nimelificha kabatini, maana nimeshajifunza.

Bi Twaiba amepita. Amesimama, ameona kitambaa chekundu, amesema audhubillahi, amerudi kwake mbio, simu sikioni. Na apige tu. Safari hii hakuna atakayesema naoa.