Kuku wa Limau kwa Watu Kumi na Wawili

Jumatatu, 3 Machi

Shajara yangu, niwie radhi. Miezi minne sikukugusa. Mara ya mwisho niliandika ukweli mtupu kuhusu mashindano ya maua ya mtaani, na tangu siku hiyo kila nikikufungua naona aibu. Sababu nyingine nilikuwa nazo, nimezisahau. Nimerudi kwa kuwa nimo matatani, na sina mwingine wa kumweleza ambaye hatacheka.

Matata yenyewe ni haya. Katika mkahawa wa Mama Sufuria kuna meza ndefu ya wateja wa kila siku. Tuko kumi na wawili. Nimekula hapo tangu nistaafu ukarani wa posta, mwaka wa sita huu, na kiti changu ni cha tatu kutoka dirishani. Mezani pale kila mtu na kwao. Lugha za nyumbani ni saba, na Kiswahili ni cha kila namna: kingine kimenyooka, kingine kimepinda kama msumari wa kuokota. Kila Alhamisi Mama Sufuria hapiki chakula cha mchana. Mmoja wetu hupika nyumbani kwake chakula cha kwao, akakileta saa sita, tukala, kisha tukasema yaliyo moyoni. Anayekwepa zamu mara mbili anahamia meza ndogo iliyo kando ya sinki la kunawia mikono.

Mimi nimekwisha kukwepa mara moja. Nilisingizia mgongo.

Leo Mama Sufuria ametangaza zamu. Alhamisi hii Fundi Saa. Alhamisi ijayo Bwana Stempu. Bwana Stempu ndiye mimi. Mkono wangu ukaenda mgongoni wenyewe. Mama Sufuria akasema mbele ya watu wote kwamba mgongo haumenyi vitunguu.

Sijui kupika! Marehemu mke wangu alinikataza kuingia jikoni ili nyumba iwe na amani. Tena kwa miaka sita nimekosoa chakula cha kila mtu pale mezani. Tambi za Muuguzi niliziita kamba za viatu. Zilikuwa nzuri sana. Nilikuwa nimechoka siku hiyo.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimekaa kwenye meza ya sinki kwa makusudi, ili nijue adhabu yenyewe ikoje. Nilimwambia Mama Sufuria kwamba namkagulia rafiki.

Watu wanne walinikung'utia maji ya mikono. Mmoja aliniomba nimpishe achukue sabuni. Hakuna aliyeniuliza nimelalaje. Kwenye meza ndefu nilisikia wakicheka, sikujua wanacheka nini. Nyumbani anayenisemesha ni redio tu, nayo haisubiri jibu.

Kiti changu sikiachi. Kwa vyovyote vile!

Alhamisi, 6 Machi

Fundi Saa ameleta kabichi zilizojazwa nyama. Laini. Tamu. Nilitafuta kasoro mpaka chini ya kabichi ya tatu, sikuiona. Ikabidi niseme kwamba sahani zilikuwa za moto mno.

Fundi Saa akawashauri wenzake kwamba Alhamisi ijayo kila mtu atie biskuti mfukoni, maana Stempu atatuletea bahasha za kuchemsha. Walicheka mpaka Muuguzi akapaliwa. Muuguzi huyu ni binti mdogo, huniita babu ingawa nimemkataza kwa maandishi.

Damu ilinipanda. Nikasimama. Nikasema nitaleta kuku wa limau wa bibi yangu mzaa mama, chakula ambacho watu walikuwa wakisafiri siku mbili kukifuata. Nilijisikia vizuri kwa muda wa kama dakika moja.

Bibi yangu hakuwahi kupika kuku hata mmoja. Alikuwa akiwafuga na kuwapa majina.

Jumamosi, 8 Machi

Nimejaribu. Kuku mmoja, malimau saba, moto mkali ili mambo yaende upesi. Nje akawa mkaa, ndani akawa bado anaishi. Jirani wa ghorofa ya juu alipaza sauti kuniuliza kama nachoma godoro. Nikamjibu kwamba ni chakula. Akanipa pole.

Paka wake alishuka, akanusa, akapanda tena.

Sufuria yangu kubwa imeungua kitako kwa ndani na kwa nje. Nimeisugua mpaka mabega yakauma. Weusi uko palepale.

Jumatatu, 10 Machi

Mwangaza!

Mkabala na Mama Sufuria, ng'ambo ya barabara, kuna mkahawa wa Bwana Kimya. Meza tano tu. Alitoka mbali, lugha yake hakuna aijuaye, na yetu huitumia kwa kubana matumizi. Sikuwahi kuingia kwake, kwa uaminifu wangu kwa Mama Sufuria. Leo nimevaa kofia na miwani myeusi, nikasubiri wenzangu wa meza ndefu wainamie sahani zao, nikavuka.

Ukutani kuna picha za vyakula. Nikanyooshea kidole picha ya kuku. Akaletwa kuku wa limau! Nyama inaachia mfupa kwa hiari yake. Mchuzi wake ungeweza kumpatanisha mtu na shemeji yake. Nilikula nikasahau kwamba nimejificha, nikavua miwani.

Tulielewana kwa vidole. Alhamisi. Watu kumi na wawili. Sufuria nitaleta yangu, ili ionekane ya kwangu. Akaitikia kwa kichwa mara tatu. Hakuuliza chochote. Mtu wa kufanya naye uhalifu ndiye huyu.

Jumatano, 12 Machi

Sufuria nimeipeleka. Bwana Kimya alikitazama kitako chake kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

Kwa mazoea ya miaka arobaini ya posta nilikuwa nimebandika karatasi kwenye mkono wa sufuria: jina langu kamili, nyumba, mtaa, na maneno SHIKA KWA UANGALIFU. Niliigundua nilipokwisha kufika nyumbani. Nikastuka. Kisha nikatulia. Bwana Kimya hasomi herufi zetu, na hakuna mwingine atakayeiona.

Maandalizi mengine: nimejifunza uso wa uchovu mbele ya kioo. Nimepaka kitunguu kwenye mikono ya shati. Nimefunga plasta kidoleni. Mpishi asiye na jeraha nani atamwamini?

Alhamisi, 13 Machi

Niandike kwa utaratibu, maana kalamu inataka kukimbia kwa furaha.

Saa tano na nusu nilichukua sufuria kwa Bwana Kimya. Iling'aa! Weusi wote umekwisha. Nikasema moyoni, hii ndiyo huduma. Nikabandua ile karatasi, nikafunika sufuria kwa kitambaa changu, nikazunguka mtaa mzima ili nitokee upande wa nyumbani. Ikabidi nizunguke mara mbili, kwa sababu Dobi, mwenzetu wa meza ndefu, alinisalimia na kutaka kujua habari za mgongo.

Saa sita kamili nikaingia. Nikapakua. Wakaonja. Halafu vijiko vikaanza kugongana na sahani kama mvua juu ya bati. Fundi Saa aliongeza mara mbili, na mara ya pili aliinamisha uso ili nisimwone.

Muuguzi akanishika mkono kwa nguvu za kikazi, akabandua plasta, akaniuliza, babu, jeraha liko wapi? Nikamwambia limau la bibi huponya upesi. Akatoa daftari akaandika.

Mama Sufuria peke yake alikula polepole, macho yake kwangu. Aliniuliza nimetumia vitunguu vingapi. Nikasema vitatu. Akasema yeye angedhani kumi na kimoja. Akauliza limau limetiwa lini, mwanzoni au mwishoni. Nikamjibu kwamba limetiwa kwa heshima. Akajifunika uso kwa aproni, akakohoa kwa muda mrefu. Maskini, kifua chake.

Kisha balaa. Muuguzi, kwa ukarimu wake usioombwa, alikuwa amemwalika Bwana Kimya aje aonje. Akaingia! Akaketi mbele yangu! Akaonja, akafikiri, akatamka sentensi ndefu kuliko zote nilizopata kumsikia: "Nzuri. Chumvi kidogo nyingi."

Hapo, shajara yangu, sijui nini kilinipata. Niliwaka. Nilimwambia chumvi ile imepimwa na bibi yangu kwa kiganja chake, na haina hata chembe moja ya ziada. Nilimwambia kwamba anayeiondoa chumvi hiyo ameondoa roho ya kuku. Nilipiga meza. Mama Sufuria alikimbilia jikoni na kifua chake. Bwana Kimya aliinama kwa adabu, akaongeza mchuzi.

Mwisho Fundi Saa akasimama. Macho yamelowa. Akasema miaka sita amenitania akidhani mimi ni mdomo mtupu, na leo ananiomba radhi. Mwisho wa mwezi ujao anamwoza binti yake. Wageni themanini. Je, nitakubali kuwapikia?

Meza yote ilinitazama. Nikajisikia nikijibu kwamba hiyo itakuwa heshima kwangu.

Ulimi huu! Lakini kiti changu kimepona. Cha tatu kutoka dirishani.

Ijumaa, 14 Machi

Mama Sufuria aliniita jikoni kabla ya chakula. Akafunga mlango. Akanipa kigoda, kwa sababu alijua nitakihitaji.

Akanieleza jambo ambalo kwa miaka sita nimekuwa nikila hatua kumi kutoka kwalo bila kulijua. Wenye mikahawa ya barabara hii huazimana majiko. Jiko lililolala siku hiyo hupewa mwenye kazi nyingi. Bwana Kimya ana jiko lenye nafasi ya sufuria mbili tu. Akipata oda kubwa ya Alhamisi huvuka nayo barabara kwa mlango wa nyuma, akapika kwa Mama Sufuria, na Mama Sufuria humsaidia.

Jana walipika kuku wa limau kwa watu kumi na wawili. Vitunguu alimenya yeye mwenyewe. Kumi na kimoja. Sufuria ya mteja ilikuwa chafu kupita kiasi, akaisugua kwa waya nusu saa nzima, na huku anasugua akawa anasoma karatasi iliyobandikwa kwenye mkono wake. Jina. Nyumba. Mtaa. Akashika kwa uangalifu.

Kwa hiyo chakula kilitoka kwake saa tano kwa mlango wa nyuma, kikarudi saa sita kwa mlango wa mbele, na mimi nimekibeba.

Nilitamani sakafu inimeze. Nikamwuliza kwa nini hakunifichua palepale. Akasema alitaka, lakini kila akifungua mdomo kicheko kinatangulia. Halafu akasema jambo la ajabu. Chumvi aliitia yeye. Yeye na Bwana Kimya huigombania chumvi kila wiki, mwaka wa tatu sasa, na katika maisha yake ya upishi hajapata kuona mtu akiitetea chumvi yake kwa kupiga meza. "Mzee wangu," akaniambia, "pale uliniweza."

Ndiyo maana ananipa njia mbili. Ya kwanza: niseme ukweli mezani kabla ya Jumanne saa sita, na yeye atasimama nami, kiti hakitaguswa. Ya pili: nije jikoni kila asubuhi saa mbili, yeye na Bwana Kimya wanifundishe mpaka siku ya harusi, ili uongo ugeuke kuwa kweli kabla haujaumbuka. Nisipochagua, atasema yeye mwenyewe. Na sinki nalijua.

Nilimshukuru. Mama huyu ana moyo mkubwa kuliko sufuria zake.

Jumapili, 16 Machi

Siku nzima natafakari. Niseme au nijifunze?

Asubuhi nilianza kuandika maungamo. Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri sana, hata mimi nilihuzunika. Katika ukurasa wa pili ikaonekana kwamba Fundi Saa naye ana sehemu yake, kwa ule utani wa bahasha. Kufikia ukurasa wa nne nilikuwa nawadai watu saba msamaha. Nikayasimamisha kwanza.

Nikafikiria njia ya pili. Saa mbili asubuhi, kila siku! Na huyo Bwana Kimya amekwisha kuleta hapa mlangoni kilo tano za vitunguu na kisu, akasema neno moja: "Zoezi." Nimemenya viwili. Nimelia kama mfiwa. Kidole nimekikata kweli safari hii, na sina plasta, nilikwisha kuitumia.

Alasiri akaja Fundi Saa na kadi ya mwaliko iliyotoka kwa mpiga chapa. Imeandikwa kwa wino wa dhahabu: Mpishi Mkuu, Bwana Stempu. Binti yake alikuwa naye, akanishika mikono yote miwili, akaniita baba mkubwa. Nilijaribu kufungua mdomo niseme. Nikauliza kama wino huo unafutika.

Hapo ndipo niliposikia nafsi yangu ikimweleza Fundi Saa kwamba kuku wa bibi, kwa desturi ya ukoo wetu, hapikwi kwa zaidi ya watu kumi na wawili. Kwa wageni themanini, kinachofaa ni nyama ya kuoka ya babu yangu. Fundi Saa alifurahi kupita kiasi. Hakujua kama babu naye alikuwa mpishi.

Sasa sikiliza, shajara yangu, na usinikodolee macho. Karibu na kituo cha zimamoto kuna mkahawa mwingine. Nimepita hapo jioni hii, kwa kunyoosha miguu tu. Wanaoka nyama. Harufu yake inashika shati. Mpishi ni mwanamke mpole, hanifahamu, hana habari na mtu yeyote wa barabara yetu. Nilimwuliza, kwa kujua tu, sufuria ya watu themanini inakuwa na ukubwa gani. Akanionyesha kwa mikono. Itahitaji mkokoteni.

Lakini bado sijaamua! Maungamo yapo, vitunguu vipo, mkokoteni upo, na Jumanne ni keshokutwa. Nikishaamua nitakuandikia, bila kuficha neno. Wewe utakuwa wa kwanza kujua. Fundi Saa wa pili. Mama Sufuria, ikiwezekana, asijue kabisa.