Ombi la Kumwandikisha Tumpale Kuwa Ndama

Tunduma,
14 Agosti 2013.

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,

Bwana asifiwe. Natumaini kifua kimepoa. Jumapili kwaya nzima tulikuombea. Mimi ni Ferista Namwinga wa Shule ya Jumapili, yule muuza maharage wa karibu na foleni ya malori. Niliishia darasa la saba, nikikosea nivumilie.

Naomba mtoto Tumpale, miaka kumi na mmoja, aandikwe kwenye daftari lako la mifugo kama ndama. Sababu ni hizi:

1. Tumpale analelewa na baba yake mdogo, Danieli, ambaye ndiye balozi wetu wa nyumba kumi. Danieli humpiga kwa mkanda mpaka mtoto anasoma amesimama. Mtoto akajikaza, akaja ofisini kwako kushtaki. Karani akasema hapokelewi mtu bila barua ya utambulisho ya balozi. Ni utaratibu, siupingi. Basi akarudi kwa Danieli kuomba barua ya kumshtaki Danieli. Naye, kwa kuwa hutembea na barua mfukoni zimeshapigwa muhuri, akampa moja bila kuuliza ya nini. Imeandikwa: mleta barua ni mkazi wangu mwema, asikilizwe.

2. Karani aliisifu barua, kisha akamrudisha, eti mambo ya nyumbani huanzia kwa balozi. Danieli akaitisha kikao. Akajiita, akajihoji, akajionya, akajisamehe, akafunga kwa sala. Nilikuwepo, Mwenyekiti, nikaitikia amina kabla sijajua naitikia nini. Hilo bado natubu. Jioni mtoto alipigwa kwa kosa la kuipotezea ofisi muda.

3. Wiki ileile kijana mmoja alimchapa fimbo ndama wa Mzee Mayala kule mnadani. Mayala alipiga yowe moja tu. Watu walijaa, wewe mwenyewe ukafika na ndala moja. Ndama hakudaiwa barua. Hakuna aliyemuuliza amemkosea nini mwenye fimbo, wala mbona hakusema mapema, wala kama ana uhakika. Walimtazama mgongo, wakaamini.

4. Chanjo Tumpale alimaliza zote. Mboga za majani anakula bila kusukumwa. Pembe hana, lakini hata yule wa Mayala hana. Kuhusu mkia, naamini kamati inaweza kulegeza masharti.

5. Mkimkubali huyu, darasani kwangu nina wengine. Wanatosha zizi.

Nisalimie mama watoto, karani, na wajumbe wote. Na Balozi Danieli pia msalimie, maana kumchukia sijaruhusiwa.

Ni mimi dada yako katika Bwana,
Ferista Namwinga.

Baada ya kusaini: Mwenyekiti, usiandike kitu. Nilimpa Tumpale barua hii anisahihishie herufi, akasema hataki kuwa ndama, anataka kuulizwa. Na kweli, katika yote haya mimi sikuwa nimemuuliza. Nikamuuliza. Akasema mwalimu wao wa shule aliwaambia kwamba kituo cha polisi kuna dawati la kusikiliza watoto. Tukaenda. Askari mmoja wa kike, Afande Jenista, alifunga mlango, akamketisha karibu yake, akasikiliza. Barua hakudai. Kwa sasa mtoto anakaa kwangu, wao ndio wamesema. Pale kituoni, Tumpale alipomaliza kueleza aliomba aanze upya, maana mara ya kwanza alisema haraka haraka, akidhani atakatizwa. Afande akaweka kalamu chini, akamwambia, anza, mwanangu, hatuna haraka.