Sinia la Dubu

Redio ilitangaza kwamba baridi ya Siberia imeshavuka bahari na inakuja kwetu Hokkaido na mizigo yake yote: theluji laini kama unga, na kufikia asubuhi itakuwa kiunoni kwa upande wetu wa mlima. Kijiwe kizima kikashangilia. Kijiwe chenyewe ni meza moja kando ya jiko la mafuta, kwenye mgahawa wa kahawa wa Mama Fumie, karibu na lifti za kupandia mlimani. Honi alipiga meza hadi vikombe vikaruka.

"Kesho shule zinafungwa, niwahakikishie! Basi lilale, dereva apande mlima!"

Honi ni dada mmoja anaitwa Sakae. Anaendesha basi la shule na hajawahi kunong'ona tangu azaliwe.

Dubu peke yake hakushangilia. Alikuwa anageuza ngisi wake mkavu juu ya jiko, taratibu, kama mtu anayechoma barua za mchumba aliyemwacha.

"Dubu, unaumwa?" nikamuuliza.

"Siumwi. Mama Nozomi kanipa amri. Nibadilishe ubao wa kutelezea, au mlimani nisikanyage tena."

Hatukuuliza kwa nini. Jumapili iliyopita Dubu, ambaye jina lake halisi ni Onodera, aliteleza na ubao wake wa miaka yote akaingia kwenye msitu wa mibetula. Pua ya ubao ikazama, yeye akafuata. Alikutwa kichwa chini, miguu juu, kama figili iliyopandwa na mlevi. Kilo mia na ushee zile, zinazoendesha mtambo wa kusukuma theluji barabarani, zilifukuliwa na Rula, aliyemfuata humo kwa miguu, kwa mikono mitupu. Mtu akizama hivyo bila mwenzake karibu, pumzi inakatika. Tulicheka baadaye. Siku ile hakuna aliyecheka.

"Sasa umepata ubao gani?" akauliza Rula. Huyu ni Nagaoka, fundi wa mikeka ya sakafuni, na utepe wake wa kupimia unalala naye kitandani.

Dubu akaenda mlangoni, akarudi na kitu kimefungwa kwenye blanketi. Akakifunua.

Hata birika lilionekana kuacha kuchemka.

"Hicho nini?" akasema Rula.

"Ubao wa theluji."

"Wa theluji au wa kukatia vitunguu?"

Kwa kweli ulikuwa kituko. Ulimfika Dubu kifuani tu, lakini upana wake, jamani! Pua kubwa ya mviringo kama sinia la pilau, mkia umepasuka mara mbili kama wa mbayuwayu.

"Jamaa wa dukani kaniazima niujaribu. Kesho saa sita lazima urudi, kuna mteja mwingine anautolea macho."

Rula alishachomoa utepe. Akapima urefu, akapima kiuno cha ubao, akapima urefu tena, labda alidhani umekua.

"Kaka, umeibiwa na bado hujalipa. Kanuni ni moja tangu zamani: mtu mzito, ubao mrefu. Wangu mimi unanipita kichwa, na sijawahi kuzama."

"Hujazama kwa sababu huingii msituni!" Honi akadakia. "Wewe unashuka wima kama lifti iliyokatika kamba, ukifika chini unaita teksi. Muulize Maziwa hapa, lini umekata kona?"

Maziwa ndiye mimi. Nasambaza maziwa mitaani, na kazi hiyo imenifundisha kutoingilia ugomvi wa wateja. Nikanywa kahawa.

"Mwamba ngoma ngozi huvutia kwake," akaendelea Honi. "Mzee Rula, chukua kijiko kirefu na sahani, viweke juu ya uji. Kipi kitazama kwanza?"

"Kijiko. Lakini Dubu si uji."

"Theluji ndiyo uji! Ubao mrefu unaelea kwa urefu, huu unaelea kwa upana. Eneo ni lile lile, limekunjwa tu. Halafu msituni unageuka palepale. Na huo wako? Ni kama kugeuza lori la magogo uchochoroni. Penye miti hapana wajenzi, na hapana breki."

"Na kwenye theluji iliyoshindiliwa je? Kitu kipana namna hiyo, kukilaza ubavu mmoja kisha mwingine ni mpaka uandike barua ya maombi."

Hapo hata Honi akakubali, kwa sauti ya chini iliyosikika hadi kwenye lifti. "Kwenye ngumu ni mzito. Hilo sikatai. Lakini Dubu anapenda laini."

"Na miguu yangu," akasema Dubu, akiinua buti lake ambalo lingeweza kulaza paka na watoto wake. "Kwenye ule wa zamani vidole vinatokeza huku, visigino kule. Nikilala ubavu, buti linakwaruza theluji kama nanga. Huu unaumeza mguu wote."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," Rula akaonya.

"Guu lenyewe hilo!" Honi akaruka. "Likianza kuvunjika leo litamaliza masika!"

Tulikuwa bado tunacheka mlango ulipofunguka. Akaingia Chizuru, mke wa Dubu, kofia imejaa theluji. Vicheko vikafa kimoja kimoja. Dubu akajaribu kuuficha ubao nyuma ya mgongo, na ni mgongo unaotosha kuficha gari, lakini alikuwa amechelewa.

"Karibu, shemeji," nikasema. "Kahawa?"

Chizuru akauchukua ubao, akaugeuza, akaugonga kwa kucha, akaukunja kidogo gotini. Mikono ile haikuwa inagusa ubao kwa mara ya kwanza. Wazee wa hapa wanajua kwamba hao wawili walikutana mlimani, na kwamba wakati huo aliyekuwa anachelewa na kusubiriwa chini ni Dubu.

"Mnasema hiki ndicho kitamrudisha nyumbani?" akauliza.

"Mimi sijasema," Rula akajitoa haraka.

"Nimesema mimi," akasema Honi. "Aujaribu kesho, kabla haujarudi dukani saa sita."

Chizuru akaketi. "Nilipopigiwa simu Jumapili nilikuwa namenya viazi. Wakaniambia, mumeo amefukuliwa. Neno hilo! Hawakusema mzima, hawakusema amekufa. Amefukuliwa, halafu simu ikakatika. Nikavaa viatu viwili vya kushoto nikakimbia navyo hadi hapa." Akamtazama mumewe. "Baba Nozomi, kesho unaujaribu saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Asubuhi ipi? Theluji ikimwagika usiku wewe si ndiye unayefungua barabara ya wilaya nzima? Utatoka kwenye mtambo saa sita, na saa sita ubao unarudi dukani."

Tulikaa watu wazima wanne tukijadili nadharia ya kuelea, na hakuna aliyekumbuka kwamba mtu ana kazi.

"Basi nitaujaribu mimi," akasema Chizuru. "Sakae, unipitie asubuhi."

"Shemeji," Rula akasema kwa upole wa mtu anayemsogelea nyuki, "mguu wako mdogo. Ubao mpana hivyo kwa mguu mdogo hautageuka. Na hujateleza tangu Nozomi azaliwe."

"Nozomi nilimzaa kwa kichwa au kwa miguu?"

Rula akarudisha utepe mfukoni.

Siku ya pili mchana tulikuwa pale pale. Theluji ilikuwa imefika dirishani na shule zilikuwa zimefungwa kweli. Dubu alikuja moja kwa moja kutoka kazini, macho mekundu, akaketi akitazama mlima. Ngisi wake aliungua, hakuona. Rula alimwambia maneno mawili matatu ya kumtuliza, yote kuhusu vipimo.

"Nilipaswa kumkataza," Dubu akanong'ona.

"Ungeanzaje?" nikamuuliza.

Ilikaribia saa saba tulipomsikia Honi, dakika nzima kabla hatujamwona.

"Jamani mmekosa! Mmekosa! Mwanamke huyu!" Akaingia ameshika mbavu. "Safari ya kwanza kaanguka mara tatu, nikasema leo nafukua mtu. Ya pili kakaa sawa, uzito katikati, hakuegemea nyuma kama sisi, pua imejiinua yenyewe. Ya tatu kaingia kwenye mibetula. Nikimfuata naona moshi wa theluji tu, kulia, kushoto, kulia! Nilimpoteza. Nikamkuta chini, amekaa, analia."

"Kaumia?" Dubu akasimama na kiti chake.

"Sijaumia," akasema Chizuru mlangoni. Kope zilikuwa na barafu, mashavu mekundu, na nilimwona Dubu akimtazama kama mtu aliyekutana na jina alilolisahau. "Baba Nozomi, mbona hukuniambia kwamba bado iko vile vile?"

"Nini?"

"Ile hali ya kutosikia chochote chini ya miguu."

Dubu alisugua pua. "Nilidhani umeniacha niende nayo peke yangu kwa kuwa umechoka nayo."

"Nilichoka kufua soksi zako, sikuchoka na mlima."

Rula alikohoa. "Na kwenye ile njia iliyoshindiliwa, shemeji?"

"Umegoma kama ng'ombe. Hapo ulisema kweli, Nagaoka. Nimeshuka nusu yake kwa makalio." Rula akavimba kwa fahari hadi nikaogopa vifungo vya shati. "Lakini msituni hauzami. Hauzami kabisa. Nimepita dukani."

"Umeurudisha?" akauliza Dubu.

"Nimeununua. Yule mteja mwingine atatafuta ubao mwingine."

Dubu akatabasamu mpaka masikio yakasogea. Akanyoosha mikono yote miwili kuupokea. Chizuru akausogeza pembeni.

"Huu wangu. Wako nimekuagizia, mpana zaidi, wa mguu kama huo. Utafika baada ya wiki mbili."

"Wiki mbili! Na theluji hii? Leo nitateleza na nini?"

"Na ule wako wa zamani. Wewe mbele," akasema Chizuru, akichukua koleo la Mama Fumie lililokuwa limeegemea ukutani, "mimi nyuma."